Kabla ya Kuagiza Bamba Jingine la Niobi

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba utando wake wa metali ya niobi hupoteza ukinzani wa umeme kwenye kelvini 7 tu, ilhali niobi safi hufikia hapo kwenye 9.2, na anauliza iwapo aagize bamba (kipande cha niobi kinachotoa atomi za utando) lililo safi kuliko lile la asilimia 99.99 alilo nalo. Asiagize. Kila asilimia moja ya atomi za oksijeni inayopenya ndani ya niobi hushusha halijoto hiyo kwa karibu kelvini moja, hivyo utando wake huenda umebeba asilimia mbili hivi, uchafu ambao bamba la namna ile haliwezi kuutoa. Umetoka ndani ya chemba, chombo kinachovutwa hewa ambamo utando hutandazwa.

Swali hilo limenigusa, kwa maana mkubwa mmoja wa maabara hapa Ujerumani aliwahi kuniambia mbele ya wenzangu kwamba tando zangu ni mbovu kwa kuwa mikono yangu haijazoea vyombo vya ghali. Sikumjibu. Niliunganisha kichanganuzi cha gesi, kinachoonyesha kila gesi kwa uzito wa molekuli yake, nikaona mstari wa 18, yaani maji, umeipita mingine yote, huku wa 28 (naitrojeni) na wa 32 (oksijeni) ikiwa chini kabisa. Kama kungekuwa na tundu la kupenyeza hewa, hiyo miwili ndiyo ingepanda, naitrojeni ikiizidi oksijeni karibu mara nne kama ilivyo hewani. Tatizo lilikuwa mvuke unaong'ang'ania kutani kila chemba inapofunguliwa, na waliokuwa wakiifungua ovyo hawakuwa mimi. Niliipasha moto usiku kucha huku pampu zikivuta, kisha nikaacha argoni, gesi inayong'oa atomi za bamba, ilipige kwa muda, kizuizi kikiwa kimefungwa juu ya kipande cha silikoni kinachopokea utando, ili niobi mbichi itande kutani na kunasa oksijeni iliyosalia. Utando uliofuata ulifika kelvini 9.1. Grafu yake iko ukutani hadi leo, na yule mkubwa hupita hapo kila asubuhi.

Vijana, acheni kuabudu vyeti vya usafi wa metali. Kanieneo ikiwa paskali 10⁻⁴, gesi iliyobaki huweza kuufunika uso wa silikoni kwa safu nzima ndani ya takriban sekunde moja, kwa hiyo anayetandaza niobi polepole anatandaza na uchafu. Ombwe kwanza, kasi baadaye, bamba mwisho.

Nawe ndugu yangu, nitumie chati ya gesi iliyochukuliwa kabla hujafungulia argoni, na fedha ya bamba ununulie gasketi za shaba, yaani pete za kuzibia maungio, maana kila ufunguapo chemba utahitaji mpya.