Ndugu Mchungaji Unayekwenda Ujerumani, Soma Hii Kabla Hujapanda Mimbari

Bwana Yesu asifiwe.

Wapo wachungaji, wainjilisti na vijana wa kujitolea wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) wanaopelekwa Ujerumani, wengine kwa miezi michache, wengine kwa miaka, kupitia uhusiano wa dayosisi zetu na makanisa ya huko. Mimi nilitumika upande wa mashariki, ule uliokuwa chini ya Wakomunisti, na tangu nirudi napigiwa simu na wanaojiandaa kuondoka. Wengi huuliza habari za baridi na posho. Hayo utayazoea mapema. Kitakachokusumbua ni kufika mahali ambapo hakuna anayebishana nawe kuhusu Mungu, kwa sababu hakuna anayemuwaza.

Kwetu hata mlevi akiona kola ya mchungaji anasogeza chupa chini ya benchi. Mwenye bodaboda ameandika mstari wa Zaburi kwenye kibao cha nyuma. Ukisema "Mungu anakupenda," msikilizaji anajua unamsema nani, hata kama mara ya mwisho aliingia kanisani siku ya harusi ya dada yake. Mahubiri yetu yote yamejengwa juu ya msingi huo, na hatujawahi kuuchimba tuone umekaaje, maana haikutulazimu. Mashariki mwa Ujerumani msingi huo haupo. Muulize kijana kama ni Mkristo au ni mtu asiyeamini, atakutazama kidogo kisha akwambie, "Mimi ni wa kawaida tu." Wachungaji wa huko wana usemi wao: watu hawa wamemsahau Mungu, na wamesahau kwamba wamemsahau.

Usiwahukumu kabla hujajua walikotoka. Mwaka 1950 zaidi ya asilimia 80 ya wakazi wa Ujerumani Mashariki walikuwa Waprotestanti. Serikali haikupiga makufuli makanisani. Iliingia kwa mlango wa watoto: kuanzia miaka ya 1954 na 1955 ikaleta sherehe yake ya vijana wa miaka 14, iitwayo Jugendweihe, wakati uleule ambao kanisa lilikuwa likiwapa kipaimara. Mtoto aliyeshikilia kipaimara peke yake, au aliyezaliwa nyumba ya mchungaji, aliweza kunyimwa nafasi ya kuendelea na masomo. Wazazi wakapiga hesabu. Bibi aliendelea kusali, mama akanyamaza, mtoto hakusikia kitu. Leo huyo mtoto ana wajukuu.

Halafu kuna jambo ambalo wageni wa kwetu huwa hawalitegemei. Maombi ya amani ya kila Jumatatu katika kanisa la Nikolaikirche, Leipzig, yalikuwa kiini cha maandamano ya 1989 dhidi ya serikali hiyo. Tarehe 9 Oktoba mwaka huo watu wapatao 70,000 waliuzunguka mji ule na hakuna risasi iliyopigwa; mwezi mmoja baadaye Ukuta wa Berlin ukafunguka. Kwa hesabu zetu za Kitanzania, baada ya muujiza wa namna hiyo makanisa yangejaa mpaka nje. Hayakujaa. Watu walishukuru, wakaenda zao. Tuna mazoea ya kuhubiri kwamba dhiki huleta uamsho. Ukifika huko, hubiri hilo kwa tahadhari. Wittenberg yenyewe, mji wa Luther, iko katika jimbo la Sachsen-Anhalt, ambako walio wengi hawana kanisa lolote.

Jambo la kodi litakukuta siku za mwanzo kabisa. Ukishahamia kwenye nyumba una wiki mbili za kujiandikisha ofisi ya wakazi, na fomu itakuuliza dini yako. Ukiandika kwamba wewe ni mwevanjeli, yaani Mprotestanti, na ukawa mwajiriwa mwenye mshahara unaokatwa kodi, utakatwa pia kodi ya kanisa: asilimia 8 katika Bavaria na Baden-Württemberg, asilimia 9 kwingineko. Sikiliza vizuri, maana watu hushtuka bure: ni asilimia ya kodi yako ya mapato, wala si ya mshahara mzima. Kama kodi ya mapato ni euro 400, kanisa linapata 36. Serikali inakusanya na kulipelekea kanisa fedha hizo, ingawa katiba yao inasema wazi kwamba hakuna kanisa la taifa. Wapo Waafrika wanaojiandikisha "bila dini" ili waokoe hizo hela, kisha Jumapili wanasimama kuongoza sifa. Ukifanya hivyo ukiwa mchungaji, usharika utajua, na neno lako litakuwa limekwisha.

Kodi hiyo ndiyo pia mlango wa kutokea. Anayetaka kuacha kanisa haendi kwa mchungaji. Anakwenda ofisi ya serikali au mahakamani, anatia sahihi, basi. Mwaka 2023 walioondoka katika makanisa ya Kiprotestanti walikuwa takriban 380,000, na wengi ni vijana walioanza kazi wakaona makato kwenye hati ya mshahara. Mchungaji analetewa jina kwenye karatasi. Hakuna ugomvi wala barua ya malalamiko. Wenzangu wa huko wanasema hiyo ndiyo inayowauma, na mimi nawaelewa. Kwetu mtu akihamia kanisa la kiroho la jirani, angalau tunapata cha kuzungumza naye.

Kuhusu Jumapili sina mengi. Ibada ni saa nne asubuhi, inaanza saa nne. Kwa wastani ni kama asilimia 3 tu ya washarika wanaohudhuria, na kijijini utakuta wazee wachache, kinanda kikubwa cha miaka mia mbili, na wewe. Usiite "Haleluya!" mara tatu ukingoja jibu. Usiwasute waliokuja kwa sababu ya wasiokuja, kosa ambalo hata nyumbani tunalifanya. Watakuomba uvae kitenge na kupiga ngoma kwenye Jumapili ya uhusiano. Kubali mara ya kwanza kwa moyo mweupe. Ikifika ya pili, waambie kwa upole kwamba umesomea theolojia na ungependa mahubiri.

Kazi yenyewe iko kwenye mazishi. Hapa nisikilize kwa makini kuliko pengine popote.

Simu itatoka kwa mwenye kampuni ya mazishi. Atakutajia jina, tarehe, na namba ya binti wa marehemu. Wewe ndiye unayempigia huyo binti kuomba muda wa kwenda nyumbani kwake, na utakwenda peke yako. Usitegemee turubai, wala majirani wamekaa kwenye viti vya plastiki, wala akina mama jikoni. Ni watu wawili au watatu mezani, kahawa, keki, na bahasha ya picha. Mara nyingi mwili utachomwa, na majivu yatazikwa wiki kadhaa baadaye. Pole unayoijua, ile ya kukaa tu na watu siku tatu bila kusema kitu, haina nafasi. Una kama saa moja na nusu.

Usianze na Biblia. Uliza alikuwa mtu wa namna gani. Watakuambia kuhusu bustani, gari la Trabant aliloling'ang'ania mpaka likafa, kiwanda kilichofungwa baada ya 1990 na jinsi hakuwa yuleyule tena. Andika majina, uliza tahajia, rudia ulichoandika. Halafu nyamaza. Ikifika kahawa ya pili, kuna mtu atasema neno kama, "Mwishoni alikuwa anaomba mikono yake ishikwe," au, "Mama yake alimbatiza kwa siri." Hilo ndilo neno lako la mahubiri. Zaburi ya 23 ukiileta baada ya hapo, inapokelewa. Ukiileta mwanzoni, wanakuvumilia tu.

Huenda marehemu aliondoka kanisani zamani. Kanuni ya kawaida ni kwamba kanisa linazika washarika wake, lakini wachungaji wengi wana nafasi ya kuamua kwa ajili ya waliobaki. Usiamue peke yako; muulize mchungaji mwenyeji, maana kila eneo lina utaratibu wake na wewe ni mgeni.

Siku yenyewe, katika kikanisa cha makaburini, utasema, "Tuombe kama Bwana alivyotufundisha," kisha utasikia sauti yako peke yako. Watu arobaini wamesimama na hakuna anayejua Sala ya Bwana. Mgeni huogopa, akaikimbiza ili iishe. Usiikimbize. Isome taratibu kama mtu anayewaombea ambao hawawezi kusema wenyewe, kwa sababu ndivyo ilivyo. Mara nyingine ukifika "utusamehe makosa yetu" utamsikia bibi mmoja nyuma ameikumbuka. Baadaye, kwenye kahawa ya msiba, watakuja mmoja mmoja kukuuliza maswali ambayo Jumapili hakuna mtu angeyauliza: yuko wapi sasa? Unaamini kweli, au ni kazi tu? Mimi theolojia niliyosoma miaka mitano niliitumia kwenye meza hizo kuliko mimbarini. Jibu kwa maneno ambayo fundi umeme angeyatumia. Ukijikuta unasema "kuhesabiwa haki kwa neema" bila kuweza kuieleza kwa mfano wa maisha ya huyo marehemu, bado hujaielewa wewe mwenyewe.

Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyempinga Hitler na kuuawa katika kambi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945, aliandika kutoka gereza la Tegel mwaka uliotangulia akiuliza namna ya kumsema Kristo kwa watu wasio na dini kabisa. Chuoni tulimsoma kama mtu wa mtihani. Msome tena ukiwa huko, jioni baada ya mazishi.

Vijana nao watakuuliza swali lao, hasa ukialikwa shuleni: kwa nini unafuata dini ya watu waliowatawala? Wengi wao wanajua historia yetu kuliko unavyodhani. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro 1893, na mwaka 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga, pale Old Moshi; ukoo wake mpaka leo unatafuta fuvu lake. Rais wao, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha Songea, Novemba 2023, kwa yaliyotendwa wakati wa Maji Maji. Usijibu kwa kuwatetea wamisionari wote, wala kwa kuwalaani wote ili upigiwe makofi. Waeleze kwamba baada ya Vita ya Kwanza Waingereza waliwafukuza wamisionari wa Kijerumani, na sharika zikabaki mikononi mwa walimu na wazee Waafrika walioendelea kufundisha na kuongoza ibada. Imani iliyotufikia sisi ilipita kwenye mikono hiyo. Darasa litanyamaza, si kwa kukukubali, bali kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia.

Ukifanya kazi na watoto utadaiwa cheti cha polisi cha tabia njema na mafunzo ya ulinzi wa mtoto. Usione unadharauliwa. Utafiti uliotolewa Januari 2024 ulihesabu waathirika wa unyanyasaji wa kingono wasiopungua 2,225 katika Kanisa la Kiprotestanti na huduma zake, na wenyewe watafiti wakasema hiyo ni sehemu ndogo. Kwa hiyo: usibaki chumbani na mtoto peke yako, usimwekee mtu mkono kichwani kabla hujamuuliza, usipige picha za watoto na kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp la jimbo lako.

Suala la ndoa za jinsia moja litakuja, kwa kawaida mwishoni mwa chakula cha jioni. Msimamo wa KKKT wa kuzikataa unajulikana tangu tamko la Dodoma la 2010, na wao makanisa yao mengi yanawabariki watu hao. Sema ulikotoka bila kuficha na bila kutukana. Huenda anayekuuliza ndiye aliyekupokea uwanja wa ndege.

Utashangazwa na jambo moja zuri. Katika vijiji vingi watu wasio na dini wameunda chama cha kutunza jengo la kanisa. Wanapanda juu kuziba vigae, wanachangia kengele, wanafungua mlango Krismasi. Usiwacheke kwamba wanatunza jengo la Mungu wasiyemwamini. Nenda uwashikie ngazi. Huko ndiko utakakofahamiana na watu.

Ukirudi nyumbani, utaombwa usimulie jinsi makanisa ya Ulaya yalivyogeuzwa baa. Wasikilizaji wanaipenda sana hadithi hiyo, inawafanya wajione salama. Mimi huwa naikataa, na badala yake nawauliza wazee wa usharika watoto wao walioko Dar es Salaam wanasali wapi.

La mwisho ni lugha. Usiondoke na Kijerumani cha salamu ukitumaini utajifunzia huko; kwenye meza ya msiba hakuna mkalimani. Goethe-Institut iko Dar es Salaam, na mwaka mmoja wa kusoma kwa bidii kabla ya safari utakufaa kuliko koti lolote. Ukishaanza, fanya mazoezi ya kusoma Zaburi ya 23 kwa sauti katika Biblia ya Luther mpaka uiseme bila kutazama.