Sifa ninayoitafuta kwanza kwa mtu wa zamu moja nami

Wauguzi wapya wanapoletwa wodini, baada ya wiki chache viongozi huwa wanatuuliza tuliowatangulia: huyu mnamwonaje, anaweza kufanya kazi na wenzake? Wengi wetu hutazama uchangamfu. Anasalimia vizuri, hana makuu, anachangia chai. Hayo ni mazuri na nayapenda, lakini mimi natazama jambo moja kwanza: akisema kazi imefanyika, je, imefanyika kweli? Na kama haijafanyika, anasema?

Nimefanya uuguzi miaka mingi, wodi ya wazazi na chumba cha upasuaji. Ninayoyaandika yametoka huko, ingawa naamini hata wa benki au wa karakana atayatambua.

Mtu utamjua wakati wa kukabidhi zamu. Zamu ya usiku imeisha, macho yanauma, kila mmoja anawaza daladala. Yupo atakayekuambia "wagonjwa wote wanaendelea vizuri" huku mkoba uko begani. Yupo pia atakayekupitisha kitanda kwa kitanda: "Mama huyu kajifungua saa tisa usiku, damu ilimtoka kuliko nilivyopenda. Presha nilimpima saa kumi na moja. Ya saa kumi na mbili sijapima, tulikuwa na dharura kitanda cha mlangoni. Anza na huyu." Huyo wa pili ningemchagua hata kama hacheki na mtu.

Kile alichokitaja kuwa hajakifanya kina uzito kuliko yote aliyoyafanya. Mama akishapoteza damu kuanzia mililita 500 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida, tunahesabu kuwa ni hatari, na damu hiyo si lazima imwagike kwa mkupuo. Inaweza kutoka kidogo kidogo chini ya khanga huku mama anaongea na wewe. Mwili wa binti mwenye afya hujikaza; presha inabaki nzuri kwa muda, halafu inaporomoka ghafla. Sasa fikiria mtu aliyeona aibu kuacha nafasi wazi kwenye chati, akajaza 110 kwa 70 ya kukisia. Anayemfuata atasoma, ataridhika, ataenda kwanza kwa mgonjwa mwingine. Nafasi iliyo wazi ingemwita. Namba ya uongo imemfukuza.

Ndiyo maana nasema hivi hata kwa vijana walio maofisini: ukikwama, sema mapema umekwama wapi. Ripoti uliyoilipua usiku ili ionekane imekamilika inamtesa mwenzako kuliko ripoti nusu yenye maelezo kwamba hesabu za mwezi wa pili bado hazijaletwa.

Dada mmoja tuliyekuwa naye alikuwa na tabia ya kuandika ubaoni kabla ya kuondoka. Oksitosini, dawa tunayomchoma mama ili mfuko wa uzazi ujikaze, inatakiwa ikae kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo huwezi kujiwekea nyingi mifukoni mwa koti. Asubuhi moja tulikuta ameandika: "Oksitosini zimebaki mbili. Ombi nimepeleka famasia, hawajaleta. Fuatilieni." Tukafuatilia. Kabla ya adhuhuri tulimpata mama aliyevuja damu vibaya, na dawa zilikuwepo. Hakuna aliyemwita mbele kumpa cheti kwa ajili ya ule mstari mmoja, lakini kila mmoja wetu alitaka kupangwa naye zamu.

Sifa inayofuatana na hiyo ni kuthubutu kusema mbele ya mkubwa wako. Kwetu hili ni gumu. Tumelelewa kutomkatiza mtu mzima, na daktari bingwa ni mtu mzima hata akiwa na umri wa mdogo wako. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji yenye mambo 19, inayowasimamisha watu mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kuchana ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na mojawapo ilikuwa Ifakara, hapa hapa Morogoro. Matokeo yalitoka Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Katika orodha hiyo kuna kipengele ambacho wengine hukipuuza: kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Mimi nimeona faida yake. Muuguzi aliyekwisha kutoa sauti mara moja, hata kwa kutaja jina tu, hapati kigugumizi baadaye anapotakiwa kusema, "Samahani dokta, tusifunge kidonda kwanza. Kitambaa kimoja cha kufutia damu hakijaonekana." Na heshima haipungui kwa kusema hivyo. Namheshimu sana daktari aliyejibu maneno hayo kwa kuweka sindano chini na kusema, "Haya, tutafute wote." Tulikikuta kimejikunja chini ya shuka la mgonjwa. Kuambiwa na kupokea ni sifa ya mwanatimu sawa na kusema.

Kufika kwa wakati sitalielezea sana: mwenzako hawezi kuwaacha wagonjwa mpaka uingie, kwa hiyo dakika zako ni za mtoto wake anayengoja nyumbani. Na umbea wa zamu moja usiupeleke zamu nyingine.

Ila niseme kitu kuhusu wale wasiojua kukataa. Tunawasifu kwamba wana moyo, wanaitikia kila ombi. Wengi wao huishia kushika kazi tano na kuziacha zote katikati, na wewe unajua hivyo saa ya mwisho. "Hapana, mikono imejaa, mwombe fulani" ni jibu la mtu anayejali kazi.

Ukigundua mwenzako anajaza chati kwa kukisia, usianze kwa matroni, mkuu wa wauguzi. Mvute pembeni siku hiyo hiyo, mwambie ulichokiona na kitanda gani. Akirudia, nenda kwa inchaji, msimamizi wa wodi, mwenzako huyo akiwepo.

Na wewe uliye inchaji, tazama unavyopokea. Wodi ambayo kila "sijafanya" inajibiwa kwa matusi mbele ya wagonjwa hufundisha watu kudanganya, hata waliokuja na moyo safi. Inchaji mmoja niliyefanya naye kazi, ukimwambia mama fulani hajapimwa, swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani anaenda sasa hivi?" Ya kwa nini aliyaweka mpaka chai ya saa nne, mlango umefungwa. Kwake tulikuwa tunasema mapema.