Uigaji, uigizaji au simulesheni?

SWALI: Naandika ripoti kuhusu programu ya kompyuta inayoonyesha jinsi kituo cha makontena kitakavyofanya kazi tukiongeza kreni. Nimeandika "uigizaji wa kompyuta". Mwenzangu anadai ni "uigaji". Mwingine anasema niandike "simulesheni" tu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Uigizaji tuuache. Neno hilo lina jukwaa ndani yake, pamoja na maleba na watazamaji. Uigaji unafaa zaidi, kwa kuwa kitenzi "iga" hudai kitu cha kufuatishwa, nacho kipo: meli zinavyofika, kreni inavyoshusha, malori yanavyopanga foleni langoni. Wako wanaosita kwa sababu kuiga kuna harufu ya kughushi, na anayemwiga tembo tunajua yanayompata msambani. Hilo halizuii istilahi.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye "wa", na wenzako wote wawili wamelipita. "Uigaji wa kompyuta" husomeka pia kwamba kompyuta ndiyo inayoigwa. Kinachoigwa ni kituo. Kompyuta ni chombo, na chombo hutajwa kwa "kwa", kama kukata kwa kisu. Andika: "uigaji wa kituo cha makontena kwa kompyuta". Modeli ni jambo jingine: ni ule mfano wa kituo mlioujenga ndani ya programu. Kuuendesha ndiko kuiga.

Kisha kuna wingi. Meli huwahi au huchelewa, na kontena linalotakiwa huenda limelaliwa na mengine matatu ambayo lazima yahamishwe kwanza. Kwa hiyo modeli huendeshwa mara nyingi, kila mara kwa nyakati za kubahatisha, ndipo wastani na foleni mbaya kabisa vionekane. Usiandike "mauigaji", sema "tuliendesha uigaji mara 50". Hapa nakiri simulesheni ina nafuu, maana huingia ngeli ya I-ZI bila ubishi: simulesheni hii, simulesheni hizi. Ukiichagua sikulaumu, mradi usiruke kutoka neno moja hadi jingine katika ripoti ileile.

Na popote ulipoandika "gati" ukimaanisha kituo kizima, rekebisha. Gati ni pale meli inapofunga. Yadi, yaani uwanja wa kupanga makontena, na lango viko nje yake. Msongamano ukiwa yadini, kreni mpya gatini itazidisha tu makontena yanayosubiri nafasi.