Kebo ya HDMI ya bei mbaya, kuna tofauti?

Umeuliza kama kebo ya HDMI (ile ya kuunganisha TV na king'amuzi au deki) ya bei mbaya itafanya picha ya TV yako ya 4K ing'ae zaidi. Hapana, ndugu. HDMI inapeleka data za kidijitali. Zikifika salama picha ni ileile, kichwa kiwe na dhahabu au kisiwe nayo. Kebo ikizidiwa utaona mwenyewe: vidoti vinametameta, sauti inakatika, au skrini inazima ghafla.

Angalia daraja lake. Kwa king'amuzi na filamu za 4K kwa 60Hz (picha 60 kwa sekunde), Premium High Speed ya Gbps 18 (gigabiti za data kwa sekunde) inatosha kabisa. Ultra High Speed ya Gbps 48 ni ya mwenye mashine ya gemu kama PS5 au Xbox Series X na TV ya 120Hz. Wengine mnalipia msichotumia. Na boksi likiandikwa tu namba ya toleo, "HDMI 2.1", usiliamini, tafuta stika ya uthibitisho yenye msimbo wa QR wa kuskani.

Halafu urefu. Mita mbili hazina neno, ila kwa 4K ukivuka mita tano hivi kebo ya shaba huanza kusumbua. Hapo chukua ya faiba, inayopeleka data kwa mwanga, na usome ncha zake kabla ya kuipitisha ukutani: moja ni ya deki, nyingine ya TV, ukizigeuza hupati picha.