Kabla Hujaweka Nakala ya Zoni ya Mzizi kwenye Rizova Yako

Mafundi wa mtandao hapa Kampala huniuliza mara kwa mara kama kuweka nakala ya zoni ya mzizi (orodha kuu ya vikoa vya juu kama .com na .ug, pamoja na seva zake) kwenye rizova ya DNS, yaani seva inayotafuta anwani ya kila jina la tovuti, kutaongeza kasi ya intaneti ofisini mwao. Huwajibu kwamba nakala hiyo ina faida, ila anayeiweka kwa kutafuta kasi atavunjika moyo.

Sababu ni kache, yaani hifadhi ya muda ya majibu ambayo rizova imeshayapata. Mtumiaji wa kwanza anapotafuta jina linaloishia na .ug, rizova huuliza mojawapo ya seva za mizizi, zinazojulikana kwa majina 13, kuanzia A hadi M, nayo huielekeza kwenye seva za .ug. Maelekezo hayo huja na TTL (muda wa kukaa kwenye kache) ya sekunde 172,800, yaani siku 2, na katika muda huo rizova haina haja ya kurudi kwenye mzizi kwa jina lolote la .ug, hata waulizaji wawe maelfu.

Maswali yanayofika kwenye mzizi bila kukoma ni takataka. Katika logi (kumbukumbu ya maswali) ya rizova ya chuo kimoja mjini Jinja nilikuta printa na simu zikiulizia majina ya .lan na .home, ambayo hayamo kabisa kwenye zoni hiyo, pamoja na anwani zilizoandikwa vibaya. Jibu la kwamba jina halipo nalo hukaa kwenye kache hadi siku 1, lakini kwa utaratibu wa zamani jina jingine lisilokuwepo huzusha swali jipya. Utaratibu wa RFC 8198 (RFC ni hati za kiufundi za intaneti), wa mwaka 2017, huiruhusu rizova inayohakiki DNSSEC, yaani saini za kidijitali za DNS, kutumia jibu moja lenye saini kukanusha majina yote yaliyo katika pengo lilelile, yaani kati ya majina mawili yanayofuatana kwenye zoni. Kwa Unbound, programu ya rizova, ni mstari mmoja tu, aggressive-nsec: yes, na ndipo ningekushauri uanzie.

Ukitaka nakala kamili, utaratibu wake umeelezwa katika RFC 8806 ya mwaka 2020. BIND, programu nyingine ya rizova, huuita mirror, Unbound hutumia auth-zone, na faili lenyewe ni la megabaiti chache, mzigo usiostahili kumkosesha mtu usingizi. Kwa Unbound, hakikisha fallback-enabled ni yes, kwa kuwa nakala isiyosasishwa huisha muda baada ya siku 7, na bila mpangilio huo rizova haitazigeukia seva za mizizi. Washa pia zonemd-check: DNSSEC haitii saini rekodi za NS (zinazotaja seva za kikoa) zinazoelekeza kwenye .ug au .com, ilhali ZONEMD, rekodi ya kuhakiki kwamba zoni haijabadilishwa, inayoweza kuhakikiwa tangu Desemba 2023, hulinda zoni nzima.

Wapo wanaodhani nakala ingewaokoa Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora. Ingewaambia seva za .com ziko wapi. Kuzifikia, na kuifikia tovuti yenyewe, bado kungehitaji nyaya hizohizo.

Ukishamaliza, linganisha namba ya toleo iliyo kwenye rekodi ya SOA (rekodi ya maelezo ya zoni) ya nakala yako na ile ya seva ya mzizi. Huanza na tarehe, kwa hiyo kuchelewa huonekana mara moja. Ikibaki nyuma zaidi ya siku moja, kagua kwanza ukuta wa moto, kwa sababu zoni husafirishwa kwa TCP kupitia mlango wa 53, na ofisi nyingi huruhusu UDP, njia ya maswali ya kawaida ya DNS, peke yake.