Mama anakwenda kukaza uso Istanbul: nimuuguze vipi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 59, tunaishi Tanga. Ana presha na anameza dawa kila siku. Mwezi ujao anakwenda Istanbul kukaza ngozi ya uso na shingo, nami ndiye nitakayefuatana naye. Hospitali imetupa karatasi moja tu ya maelekezo, na tiketi inaturudisha siku ya 7 baada ya upasuaji. Shangazi anashikilia kwamba tukifika nyumbani mama akandwe kwa maji ya moto ili uvimbe ushuke. Mama mwenyewe anauliza kuhusu sala, kusuka nywele na makovu, maana dada yake ana kovu lililovimba sikioni tangu alipotoboa. Wiki ya tano kuna harusi ya binamu yangu, naye hataki kuikosa. Nimuuguze vipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na la shangazi, maana ndilo lililonishtua. Mwambie kwa heshima zote kwamba asimkande. Hata kitambaa cha moto asimwekee, wala asimpigishe nyungu.

Sababu ni hii. Katika upasuaji huu daktari hupasua kuanzia kwenye nywele za panjani, hushuka mbele ya sikio, huzunguka ndewe na kupanda nyuma ya sikio hadi kwenye nywele za kisogoni. Kisha huibandua ngozi ya shavu na shingo kutoka mahali iliposhikamana, hukaza lile tabaka la nyuzinyuzi lililo chini yake, huirudisha ngozi, hukata iliyozidi na kushona. Tabaka hilo ndilo linalobeba kazi. Madaktari wawili wa Ufaransa, Mitz na Peyronie, walilieleza mwaka 1976, na tangu hapo mafundi wazuri wameacha kutegemea kuvuta ngozi peke yake. Lakini ngozi iliyobanduliwa, hasa pembeni karibu na sikio, kwa siku kadhaa huishi kwa damu kidogo inayoingia kutoka upande mmoja. Tena vijishipa vya fahamu vimekatwa, kwa hiyo shavu na sikio hufa ganzi kwa wiki nyingi, pengine miezi. Ngozi yenye ganzi haisemi inapoungua. Mkandaji atauliza, "maji yanakuchoma?" na mama atajibu hapana, kwa moyo mweupe kabisa. Kesho yake utaona malengelenge.

Barafu nayo isiguse ngozi moja kwa moja, kwa sababu hiyo hiyo. Daktari wake akiruhusu kitu cha baridi, kifungwe kwenye taulo na kikae dakika chache tu. Mashine ya kukaushia nywele iwekwe kwenye upepo wa baridi.

Sasa kuhusu usiku wa kwanza, ambao kwangu ni mzito kuliko wiki zote zitakazofuata. Tatizo linalotokea zaidi baada ya kukaza uso ni damu kujikusanya chini ya ngozi, na mara nyingi hutokea ndani ya saa 24 za mwanzo. Mgonjwa wa presha yumo hatarini zaidi ya wengine. Mshipa mdogo ulioziba wakati wa upasuaji, presha ikipanda usiku, unafunguka. Kwa hiyo mama asiruke dozi ya presha hata moja, na asubuhi ya upasuaji afuate atakavyoambiwa na daktari wa usingizi. Beba mashine ya kupimia presha kutoka nyumbani. Wengi wetu hupenda namba ya juu isivuke 140 katika siku hizo, ila muulize daktari wake yeye anataka ngapi.

Usitazame mashine tu. Maumivu, kichefuchefu, wasiwasi na hata kibofu kilichojaa hupandisha presha. Mgonjwa aliyeona haya kuomba kupelekwa chooni anaweza kuharibu kazi ya saa nne. Akitaka kutapika, mwite muuguzi achomwe dawa kabla hajatapika.

Dalili unazozitafuta ni shavu au shingo ya upande mmoja kuvimba haraka kuliko mwenzake, kukaza kama ngoma, maumivu yanayozidi badala ya kupungua hata baada ya dawa, na ubluu ndani ya shavu au mdomoni. Ukiyaona hayo saa nane ya usiku, usingoje kupambazuke. Damu ile inaibana ngozi na kuinyima uhai, na dawa yake ni kurudishwa chumba cha upasuaji kuiondoa. Akilalamika kwamba anashindwa kumeza au kupumua, piga kelele wakusikie. Uvimbe wa kawaida hauna pupa hivyo. Hupanda polepole, hufikia kilele kati ya siku ya pili na ya nne, na pande mbili kutofautiana kidogo si ajabu. Weusi wa kuvilia damu nao huteremka shingoni hadi kifuani, ukifuata mvuto wa dunia tu.

Weusi huo una jambo lake. Vitabu husema maambukizi hujulikana kwa wekundu, lakini kwenye ngozi zetu wekundu hujificha. Tumia mgongo wa mkono wako, ulinganishe joto la shavu moja na jingine. Joto, maumivu mapya kuanzia siku ya tatu au ya nne, homa, harufu au usaha ni sababu ya kumwona daktari siku hiyo hiyo.

Kulala: chali, kiwiliwili kimeinuka nyuzi 30 hadi 45, wiki mbili. Watu hukosea hapa. Hurundika mito chini ya kichwa mpaka kidevu kinagusa kifua, na hapo shingo iliyoshonwa jana inakunjwa. Panga mito kama ngazi kuanzia mgongoni, shingo ibaki imenyooka. Akitaka kugeuka kutazama, ageuke na mabega yake.

Chakula kiwe laini, chumvi kidogo. Miwa na mahindi ya kuchoma yasubiri. Papai na maji ya kutosha yamsaidie choo, maana kujikamua chooni ni njia nyingine ya kupandisha presha.

Kwa maumivu, paracetamoli, isizidi gramu 4 kwa saa 24 (vidonge 8 vya miligramu 500). Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini za dukani huongeza hatari ya kutoka damu, vilevile vidonge vya mafuta ya samaki, vitamini E na vya kitunguu saumu, hivyo daktari ajue anachomeza tangu wiki mbili kabla. Kama aspirini aliandikiwa kwa ajili ya moyo, asiiache kwa uamuzi wake. Sigara, shisha na ugoro viachwe angalau wiki nne kabla na wiki nne baada. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1984 uliona kwamba ngozi ya mvutaji ilikufa baada ya upasuaji huu zaidi ya mara 12 kuliko ya asiyevuta. Na kama mama anatumia mkorogo, usimsute, lakini aseme. Krimu zile nyingi zina steroidi, na steroidi hudhoofisha ngozi tunayoitaka ishike.

Kuhusu sala: kwa wiki mbili, na madaktari wengine husema tatu, kichwa kisishuke chini ya moyo. Rukuu na sijda zimo katika katazo hilo. Hukumu ni ya sheikh wake si yangu, ila wagonjwa wangu Waislamu husali wamekaa kitini kwa ishara. Kuhusu udhu, amuulize sheikh mapema, akijua kwamba kwa siku mbili za mwanzo bandeji hairuhusiwi kuloa. Baadaye madaktari wengi huruhusu kuosha nywele kwa maji vuguvugu na shampuu ya mtoto, bila kusugua. Mtandio laini ni rafiki yake wakati huu, mradi usibane nyuma ya masikio.

Kusuka kusubiri wiki sita. Kila msuko huvuta panja, na panja ndipo ulipo mshono. Nywele za hapo zikidondoka kidogo asiogope, kwa kawaida huota tena baada ya miezi michache. Rangi ya nywele na hereni nzito navyo vingoje.

Makovu. Historia ya dada yake mama ni muhimu, na daktari wa Istanbul aisikie kabla ya kisu, si baada. Mtazame mama mwenyewe, alipotoboa masikio na alipochanjwa begani pakoje? Kovu likivuka mpaka wa jeraha ni keloidi, na nyuma ya sikio ni mahali inapopenda. Majeraha yakishafunga kabisa, kama wiki ya tatu, anaweza kuanza jeli ya silikoni kila siku, na jua aliepuke kwa miezi. Mwasho na ugumu unaoongezeka baada ya miezi miwili au mitatu ni wakati wa kuchomwa triamsinoloni, dawa ya kulainisha kovu, ndani ya kovu lenyewe. Likisubiri mwaka linakuwa kazi. Liwa, manjano na mafuta ya habasoda visiguse mshono ulio wazi.

Tiketi ya siku ya 7 ibadilishe. Nyuzi za mbele ya sikio hutolewa siku ya 5 hadi 7, zile za kwenye nywele hukaribia siku ya 10, na hutaki kukutana na jeraha lililoachia ukiwa angani kwa muda wa saa saba hivi. Siku 10 hadi 14 ni za busara. Ndani ya ndege atembee mara kwa mara damu isigande miguuni. Msiondoke bila ripoti ya upasuaji na orodha ya dawa, na kabla hata hamjasafiri tafuta daktari wa hapa atakayekubali kumwona mkirudi. Wengi wetu hatupendi kurithi mgonjwa bila karatasi.

Kwenye siku ya tano au ya sita huenda akalia mbele ya kioo na kusema amejiharibu. Wengi hulia. Uso huo si wake bado, uvimbe mwingi utaondoka kufikia wiki ya sita na uliobaki huchukua miezi. Wageni wa kumjulia hali wapunguze, maana kucheka na kuongea kutwa kunachosha mashavu yale.

Harusi ya wiki ya tano atahudhuria. Vipodozi vitafunika weusi uliobaki, na mtandio utafunika mishono. Akae, asiingie uwanjani kucheza, na usiku ule wanapofukizana nywele kwa udi, asiinamie chetezo. Ganzi itakuwa bado ipo.