Vimeng'enya vya fizi kwenye jeli ya jelatini: kwa anayeanza

Hapa tunapima MMP, yaani vimeng'enya vinavyokata protini za tishu, katika majimaji ya ufizi. Sampuli hupitishwa kwa umeme kwenye jeli yenye jelatini, na jeli ikitiwa rangi ya buluu, mahali kimeng'enya kilipoila jelatini hubaki mstari mweupe. Sampuli nyingi huharibikia kinywani kabla hazijafika maabara. Ondoa kwanza utando wa bakteria ulio juu ya ufizi, zuia mate kwa pamba, kausha kwa hewa ya polepole, kisha ingiza karatasi ya kunyonya kati ya jino na ufizi mpaka uhisi inagoma kidogo. Sekunde 30 zatosha. Ikitoka na damu, itupe: neutrofili (seli nyeupe) za damu zimejaa MMP-8 na MMP-9, nawe utapima damu ukidhani ni ufizi.

Usihifadhi sampuli kwenye EDTA, kemikali inayoshika madini, maana huzinyang'anya MMP zinki na kalsiamu zinazozitegemea. Usichemshe, wala usitie merkaptoethanoli, kemikali inayovunja viunganishi vya protini. Kimeng'enya lazima kiweze kujikunja upya SDS, sabuni inayokunjua protini ndani ya jeli, ikishaondoka.

Jeli iwe na jelatini miligramu 1 kwa mililita. Baada ya kupitisha sampuli kwa umeme, ioshe kwa Triton X-100 (sabuni laini inayoondoa SDS) ya asilimia 2.5, mara mbili, dakika 30 kila mara. Ukiharakisha hapa, SDS hubaki na jeli nzima hutoka buluu tupu, bila mistari. Ilaze saa 16 hadi 18 kwenye nyuzi 37, ndani ya Tris (kemikali inayotunza pH) ya milimola 50, pH 7.5, yenye kloridi ya kalsiamu milimola 5, ndipo utie rangi ya Coomassie. Mstari mweupe wa kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 92 ni MMP-9 ambayo bado haijaamshwa, wa 72 ni MMP-2 ya namna hiyohiyo. Kipande kingine cha jeli kilaze na EDTA milimola 10: mstari utakaobaki si wa MMP, huenda ni elastasi, kimeng'enya cha aina nyingine. MMP-8 haionekani vizuri hapa. Ipime kwa ELISA, kipimo kinachotumia kingamwili.

Sasa jambo linalowapoteza wengi. SDS hufungua hata kimeng'enya kilicholala, tena hukitenganisha na TIMP, protini inayokizuia. Kwa hiyo mstari mnene unasema kimeng'enya kipo, hausemi kilikuwa kinakata kolajeni, protini inayoimarisha tishu, mdomoni. Na kukata si uharibifu daima. Vipokezi TLR2 na TLR4 vikihisi bakteria, seli huita neutrofili na tishu huliwa. Lakini kwenye kidonda kinachopona, seli za tabaka la juu hushika kolajeni kwa integrini α2β1 (kishikizi kilicho juu ya seli), huikata kwa MMP-1, ndipo zinasogea kuziba pengo. Kwa sababu hiyo, kila sampuli iandikiwe kina cha mfuko wa ufizi na siku zilizopita tangu meno yasafishwe.